Skrini za 3D bila miwani: kabla hujalipa, tikisa kichwa

Mwaka jana nilinunua simu ya mtumba yenye 3D isiyohitaji miwani. Dukani muuzaji aliishika mwenyewe usawa wa macho yangu, nikaona samaki anaelea mbele ya kioo. Kwenye basi, kila gurudumu lilipoingia shimoni samaki alikuwa wawili. Nyumbani nikamwita mwanangu atazame. Tukabanana shavu kwa shavu: mimi nikiona vizuri, yeye anaona ukungu.

Kwa hiyo hapa sigusi betri wala kamera. Swali ni moja: je, skrini inajua macho yako yako wapi?

Ndani ya kioo cha skrini nyingi za aina hii kuna mistari myembamba ya wima yenye mianya, inayogawia kila jicho pikseli zake, yaani nukta zinazounda picha. Mvumbuzi Mmarekani Frederic Ives alitengeneza picha za namna hii mwanzoni mwa karne ya 20, na kasoro ni ileile: sogea kidogo tu, jicho la kushoto linapewa picha ya kulia. Mgao huo pia unapunguza ukali wa picha. Nintendo 3DS ya 2011, mashine ya michezo ya mkononi, ina pikseli 800 kwa upana kwenye skrini ya juu, lakini kila jicho linapata 400.

Namba moja kwangu ni New Nintendo 3DS XL, toleo la baadaye la mashine hiyo, na naipendelea waziwazi. Kamera ya mbele inafuatilia uso na kuirekebisha picha, hata gizani, kwa taa ya mwanga usioonekana. Jigeuze kitandani, kina kinabaki. Bado ni ya mtu mmoja tu.

Ya pili ni Samsung Odyssey 3D, skrini ya kompyuta ya inchi 27, ya mwaka 2025. Nayo inafuatilia macho, na picha yake ni kali kuliko zote hapa. Ila Marekani ilitoka kwa takriban dola 2,000, na inataka kompyuta yenye nguvu.

3DS ya kwanza na simu za 2011 kama HTC EVO 3D ni za bei rahisi, lakini hazifuatilii macho. Ziache.

Kinachoniudhi ni wauzaji. Nintendo waliacha kuitengeneza familia ya 3DS mwaka 2020, na sasa New 3DS XL iliyochubuka inauzwa zaidi ya dola 199.99, bei yake ilipokuwa mpya Marekani mwaka 2015. Wengine wanakuuzia New 2DS XL, ambayo haina 3D kabisa, wakisema "ni ileile." Wengine wanaficha kwamba mashine ni ya Japani: menyu zote ni Kijapani, na kadi za michezo za Ulaya au Marekani hazifanyi kazi humo. Tangu Machi 2023 huwezi tena kununua michezo kwenye duka lake la mtandaoni, kwa hiyo kadi ndiyo tegemeo lako. Nenda na kadi yako mwenyewe, iweke na uwashe mashine hapohapo, ishike kwa mikono yako na utikise kichwa kushoto na kulia. Muuzaji akikataa kukupa uishike, ondoka na hela yako.