Kipima mapigo ya moyo cha bei poa: ununue kipi, uache kipi

Kama unakimbia Coco Beach asubuhi au unapiga baiskeli wikendi na unataka kujua moyo unaenda vipi, usikimbilie smatiwochi. Mi nilianzia huko huko. Nilinunua saa kali machoni, kampuni siitaji, alafu siku moja nakimbia kimdogomdogo napiga stori na mshkaji bila hata kuhema, saa inaniambia mapigo 172 kwa dakika. Sa mtu anapiga stori moyo uko 172 kweli? Nikaazima mkanda wake wa kifuani nikavaa vyote viwili: mkanda 138, saa 172. Nikahesabu hatua zangu kwa sekunde 15 nikapata 43, zidisha kwa 4 uone. Saa ilikuwa inahesabu miguu!

Iko hivi, saa inamulika taa ya kijani kwenye ngozi inasoma damu inavyopita, kwa iyo mkono ukitikisika kwa mpigo ule ule kila hatua inachanganya. Mkanda wenyewe unasoma umeme wa moyo pale pale kifuani.

Kwa iyo namba 1 kwangu ni mkanda wa kifuani wa bei ya chini, Coospo H6 au Magene H64. Haina kioo wala mbwembwe, inatuma namba kwa Bluetooth kwenda kwenye simu na kwa ANT+ (njia nyingine isiyo na waya kama Bluetooth) kwenda kwenye kompyuta ya baiskeli, na betri yake ni CR2032, ile ile ya rimoti nyingi za gari, fundi saa yeyote anayo. Lowesha zile sehemu za mpira kwa maji kabla ya kuvaa (mate nayo sawa tu, hakuna anayekuangalia), kaza chini ya kifua. Ukivaa mkavu dakika za mwanzo itakupa namba za ajabu mpaka jasho litoke. Ukimaliza bandua kile kidude kinachotuma namba suuza mkanda, maana ukikiacha kimebanwa kwenye mkanda mbichi kinajiona bado kiko kazini na betri inaisha bure, na kwa jasho la Dar chumvi itaula mkanda mapema sana.

Namba 2 ni Polar. Hao ndo wenyewe, kampuni ya Finland toka 1977, na walileta kipima cha mkononi kisichotumia waya mwaka 1982. Mkanda wao H10 unatunza zoezi moja ndani yake hata simu ukiiacha nyumbani, ila bei ni mara kadhaa ya ile mikanda ya namba 1. H9 ni nafuu, haina iyo memori, na kwa mkimbiaji wa kawaida inatosha kabisa.

Namba 3, cha kuvaa juu ya mkono karibu na kiwiko, mfano Polar Verity Sense. Nayo inatumia taa lakini nyama ya pale haitikisiki sana kama kifundo cha mkono. Inafaa kwa anayechubuliwa na mkanda, au dada ambaye sidiria na mkanda havipatani.

Namba 4 ni bendi za Xiaomi na Huawei. Kutembea, kulala, mapigo ya kupumzika, ziko vizuri tu kwa hela yake. Kunyanyua chuma au mbio za kasi-pumzika-kasi, sahau. Ivae vidole viwili juu ya kifundo na uikaze, na kama una tatuu pale hamishia mkono mwingine.

Mwisho kabisa zile saa za mtaani zinazodai kupima mpaka sukari bila kutoboa kidole. Februari 2024 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa onyo kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote ya kupima sukari hivyo yenyewe kama yenyewe, sa iyo ya elfu ishirini imeitoa wapi? Ukiwa dukani panda ngazi mbio mara mbili, pima shingoni, linganisha. Ikibaki kwenye 75 irudishe.

Ile hesabu ya 220 toa umri, ya kujua moyo wako unaweza kufika mapigo mangapi mwisho, ni makadirio tu, na kama unameza dawa ya presha kama atenolol usiitumie, iyo dawa inashusha mapigo, muulize daktari wako.

Na kama hela haipo kabisa, vidole viwili shingoni, sekunde 15, zidisha 4. Ila simama kwanza, ukihesabu huku unakimbia utajikuta unahesabu hatua kama saa yangu.