Uzoefu wangu: Altezza RS200 baada ya kufunga koilova za Tein Flex Z

Kwa wenye haraka: Flex Z, yaani koilova (springi na shokapu zilizofungwa pamoja, urefu unarekebishwa), zimenifaa, na nikiambiwa leo ninunue tena kwa ajili ya Altezza nitachukua hizo hizo. Ila kama mfuko wako unaruhusu kazi moja tu mwezi huu, usianze na koilova. Anza na bushi, vile vipande vya mpira kwenye maungio ya miguu ya gari.

Gari langu ni RS200 ya klachi, gia sita, injini ya 3S-GE iliyotoka Japani ikihesabiwa nguvu farasi 210. Toyota walianza kuiuza 1998 wakaiacha 2005, kwa hiyo hata ile changa kuliko zote sasa ni mtu mzima. Wajapani waliipa tuzo yao ya gari la mwaka kwa msimu wa 1998-1999, na ukiipata yenye miguu mizima unaelewa sababu. Inasukumwa na matairi ya nyuma, na kila tairi, mbele na nyuma, limeshikwa na wishiboni (mkono wa chuma) ya juu na ya chini. Gari likilala kwenye kona, mpangilio huo hulisaidia tairi kuendelea kukanyaga lami kwa upana wake badala ya kusimama ukingoni. Ubaya ni kwamba mikono ni mingi, kila mkono una bushi, na bushi ni mpira. Mpira huzeeka hata gari likiwa limepaki.

Langu lilikuwa linagonga mbele kwenye kila shimo. Barabara ya Morogoro, ile sehemu ambayo malori yamekandamiza lami mpaka ikaacha mifereji, ilikuwa adhabu: usukani unavutwa huku, unarudisha, unavutwa kule. Ukikanyaga breki kwa nguvu pua inazama na kutafuta upande wa kwenda. Karibu kila mtu alisema shokapu. Fundi wangu wa Ilala, mtu asiyependa maneno, alipitisha mtaimbo kati ya mkono wa chini na fremu, akausukuma kidogo, na mkono wote ukacheza.

"Bosi, hii hata ukiifungia shokapu za dhahabu itayumba tu. Imekufa bushi."

Tukaanza huko: bushi za mikono ya chini, linki za stabilaiza (fimbo inayozuia gari kulala mno kwenye kona), na bolijointi (maungio ya duara kati ya mkono na tairi) za chini za mbele, ambazo ni ugonjwa unaojulikana wa gari hili. Kwenye bolijointi usifanye ubahili. Ikichomoka, tairi linakunja chini ya gari, na hakuna koilova itakayokusaidia hapo. Mtumba siuamini kwa kitu hicho, na Kariakoo kuna feki ndani ya boksi linalofanana na orijino mpaka kwenye stika, kwa hiyo nenda na fundi anayejua kuipima mkononi.

Wapo watakaokushawishi uweke bushi ngumu za yurethani, zile za rangi rangi. Kwa gari la mashindano sawa. Kwa Dar, yenye vumbi wakati wa kiangazi na madimbwi wakati wa masika, zinahitaji grisi mara kwa mara, la sivyo zinalia kama kitanda cha chuma. Nimebaki na mpira. Na hapa kuna jambo ambalo gereji nyingi hulipuuza: nati za bushi za mpira hukazwa mwisho gari likiwa limekanyaga chini kwa uzito wake. Ukizikaza gari likiwa juu ya jeki huku mikono inaning'inia, likishuka mpira unabaki umejinyonga muda wote, na utachanika mapema. Simama hapo uangalie mwenyewe. Fundi atanuna kidogo, atapoa.

Baada ya kazi hiyo peke yake, shokapu zikiwa zile zile za zamani, gari lilirudi kwenye mstari. Nalisema hili kwa sababu nasikia watu wengi wakisifia koilova kwa sifa ambazo kwa haki ni za bushi mpya zilizofungwa siku ile ile.

Kilichobaki ni mwili kulala mno kwenye kona, na ile hali ya kuruka tuta halafu gari likaendelea kupepea. Hizo ndizo kazi za springi na shokapu, na hapo Flex Z zikaingia. Zaidi ya milioni mbili ukishaweka usafiri na ushuru, si hela ya mchezo. Nilichokuwa nalipia ni vitu viwili. Cha kwanza, ugumu wa shokapu unarekebishwa kwa kizungusho cha juu, hatua 16. Mbele unafungua boneti tu. Nyuma kuna usumbufu kidogo. Cha pili, na kwangu ndicho kikubwa, urefu unashushwa kwa kuzungusha kikombe cha chini kinachoshika shokapu. Kwenye koilova za bei ndogo unashusha kwa kulegeza kiti cha springi. Ukizidisha, springi inabaki huru gari likipandishwa jeki, na shokapu inafanya kazi karibu na mwisho wa njia yake. Ukikutana na tuta inagonga kizuizi, na tairi likiwa katikati ya kona linaruka badala ya kushika.

Nimeshusha takriban sentimita mbili na nusu tu. Vijana wa mtaani waliniambia bado gari linaonekana kama la mzee wa kanisa. Sawa. Ukilishusha mpaka lilambe lami, mikono ya wishiboni inapanda pembe ambayo haikukusudiwa, matairi yanalala ndani kwa juu, na matuta ya Mikocheni yanakusubiri kwa hamu.

Alaimenti (kupanga pembe za matairi) ni lazima baada ya hapo, tena siyo ile ya kugusa tairodi (fimbo za usukani) za mbele na kupewa risiti. Tafuta mashine inayopima matairi yote manne na mtu atakayekubali kugusa ya nyuma. Yangu yamelala ndani digrii moja na nusu mbele, nyuma hivyo hivyo. Matairi ya mbele yanaangalia mbele moja kwa moja, ya nyuma yameelekeana kidogo kwa mbele ili mkia utulie.

Jaribio nililolitaka lilikuwa Mombo hadi Lushoto, takriban kilomita 33 za kupanda kupitia Soni, mlima upande mmoja na bonde upande wa pili. Sio barabara ya kukimbia: ni nyembamba, na unaweza kukutana na basi katikati ya kona. Lakini hata kwa mwendo wa adabu unaona tofauti. Zamani ukikata kulia halafu kushoto, mwili ulichelewa, kisha ukaja wote kwa pamoja. Sasa uzito unahama mara moja na kutulia, na pua inakwenda unakoiambia bila kuongeza usukani katikati. Kule niliweka hatua za katikati, nyuma laini kidogo kuliko mbele, kwa sababu lami ina viraka na mkia mgumu hudunda.

Mjini nalegeza karibu mpaka mwisho, na bado ni gumu. Mke wangu hana maneno mengi kuhusu hilo: siku za kwenda kwa mama mkwe tunachukua gari lake. Kwenye lami mbovu unasikia kila jiwe, na anayekuambia koilova zitakupa ulaini wa Crown anataka kukuuzia. Halafu kuna chumvi ya bahari: nyuzi za kurekebishia urefu zikishika mchanga na kutu hazizunguki tena, kwa hiyo kila nikiosha gari nazipiga maji chini ya matao, na mara moja moja nazisugua kwa brashi na kupaka grisi.

Stabilaiza nene zaidi ya nyuma nilishauriwa, nimeikataa kwa sasa. Matairi niliyonayo, 215/45 R17 ya bei ya kati, yanaanza kulia kabla miguu haijachoka, kwa hiyo hela inayofuata inakwenda kwenye matairi.