Taa ya maua ya ndani: ununue ipi, uache ipi

Ukipita kwa wauza miche kando ya Barabara ya Bagamoyo ukaulizia ua la sebuleni, jibu huja haraka: "Hili halina shida, linakaa popote." Unalibeba, unaliweka kwenye kona karibu na televisheni, na miezi miwili ya kwanza kweli halina shida. Wa tatu, majani mapya yanatoka madogo, shina linarefuka na kupinda kuelekea mlangoni. Wengi hapo huongeza maji au mbolea, na ndipo wanapolimaliza. Ua lile lina njaa ya mwanga.

Macho yetu hutudanganya katika jambo hili. Jua la saa sita mchana hufika laksi (kipimo cha mwanga) 100,000 hivi. Mita tatu ndani ya sebule yenye pazia zito unaweza kupata 100 au 200 tu, na bado ukasoma gazeti bila taabu. Mrihani hauishi hapo, wala mshubiri. Hata Zamioculcas, ile yenye majani mazito yanayong'aa, ambayo asili yake ni huku huku Afrika Mashariki na imezoea ukame, hapo itavumilia tu bila kukua.

Kwa hiyo katika orodha yangu, nafasi ya kwanza siipi taa yoyote. Naipa dirisha, pamoja na pazia jepesi jeupe. Kama una fedha ya kitu kimoja tu, nunua pazia hilo na kistuli cha kuinulia chungu hadi usawa wa kioo. Ushauri mwingi wa mtandaoni umeandikwa Ulaya na unasema "dirisha la kusini". Usiufuate. Hapa Dar es Salaam jua la mchana huwa upande wa kaskazini kuanzia Machi hadi Oktoba, kisha huhamia kusini, kwa hiyo ua lililostawi dirisha la kaskazini mwezi Julai linaweza kudhoofika Desemba bila kosa lako. Dirisha la mashariki ndilo bora mwaka mzima: jua la asubuhi ni la upole. La magharibi linachoma, na hapo ndipo pazia linapofanya kazi. Kumbuka pia kwamba kioo cheusi na wavu wa mbu vyote vinapunguza mwanga.

Pima hivi: saa sita mchana, nyosha mkono juu ya chungu. Kivuli chenye kingo kali, mwanga upo. Kivuli chenye ukungu, unatosha maua mengi ya majani. Kama hakuna kivuli kabisa, sasa tuzungumze taa.

Nafasi ya pili: tyubu ya LED ya futi nne, wati 18, mwanga mweupe. Ni ile ile inayofungwa madukani na barazani. Mwanga wake husambaa sawasawa, ikifungwa chini ya rafu inalisha vyungu vitano au sita kwa mstari. Ukiiwasha saa 12 kwa siku, mwezi mzima inakula kama uniti 6.5. Kwa mwenye maua mengi, sijaona kitu chenye thamani zaidi ya hiki kwa fedha yake.

Nafasi ya tatu: balbu ya LED ya wati 9 hadi 12 kwenye taa ya mezani yenye shingo ya kukunja. Hii ni ya ua moja au mawili, na ndiyo iliyoniokolea urujuani wa Usambara niliopewa na shangazi. Ua hili asili yake ni misitu ya milima yetu. Wajerumani walilipeleka kwao miaka ya 1890, na leo linauzwa madukani dunia nzima. Langu lilikaa ukumbini mpaka vikonyo vikarefuka kama vidole na majani yakasimama wima, yakitafuta. Nililiwekea balbu sentimita 25 juu yake, saa 12 hadi 14 kwa siku, usiku giza. Majani mapya yalitoka yamelala chini, mafupi, yenye manyoya laini unayoyaona ukiinama. Baada ya wiki kadhaa katikati palichomoza vitumba vitatu.

Siri ilikuwa huo ukaribu. Mwanga wa balbu ukiusogeza mbali mara mbili, nguvu yake inashuka hadi robo. Ndiyo maana taa ya dari, hata iwe kali vipi, hailishi ua lililo mezani. Weka kiganja usawa wa majani: ukihisi joto, inua taa kidogo.

Nafasi ya nne: paneli maalumu za kukuzia mimea, zenye mwanga mweupe. Ni nzuri kweli, ila bei yake inamfaa anayeotesha miche au mboga ndani. Kwa mani planti ya sebuleni ni gharama ya bure.

Ya tano ni vile vitaa vya zambarau vya kubana mezani. Mmea unatumia sana mwanga mwekundu na wa bluu, hilo ni kweli, lakini mweupe unayo yote mawili. Kinachoniudhi ni maboksi. Limeandikwa wati 80, halafu kinachomekwa kwenye chaja ya simu ya volti 5 na ampea 2. Zidisha mwenyewe: wati 10, basi. Tena chini ya zambarau majani yanaonekana meusi, na vidung'ata, wale wadudu wadogo, waliojificha kwenye makwapa ya majani huwaoni mpaka wamejaa.

Balbu ya zamani, ile yenye waya unaowaka ndani ya kioo, usinunue: karibu umeme wake wote unageuka joto.

Ukinunua taima, chagua ya kidijitali yenye betri. Ile ya kuzungusha husimama kila umeme unapokatika, na baada ya wiki ya mgawo taa yako inawaka usiku wa manane. Waya upinde chini kabla ya kufika kwenye soketi, ili maji yakitiririka yadondokee hapo yasiingie ndani.

Na kabla hujapanda daladala kwenda Kariakoo, fungua taa uliyonayo uangalie holda: ya skrubu au ya pini. Dukani waambie waiwashe balbu mbele yako, usome wati halisi, si ile "sawa na wati 100" iliyoandikwa kwa herufi kubwa.