Imamu kwa uteuzi au kwa kusimama? Ithnaasheri na Wazaidi

Ithnaasheri na Wazaidi ni matawi mawili ya Ushia. Pande zote mbili zinakubaliana kwamba Ali bin Abi Talib, binamu na mkwe wa Mtume, ndiye aliyestahili kumrithi Mtume mwaka 632. Zinaachana kwenye swali hili: imamu, yaani kiongozi halali wa umma baada ya Mtume, anajulikanaje?

Kwa Ithnaasheri, jibu ni uteuzi wa wazi. Mtume alimtangaza Ali pale Ghadir Khum, mahali kati ya Makka na Madina, na kila imamu akamtaja anayemfuata hadi wa 12, aliyeingia ghaibu, yaani kufichika machoni pa watu, mwaka 874. Imamu ni maasumu, yaani amekingwa na dhambi na makosa, na cheo chake hakipungui hata asipokuwa na dola wala jeshi. Jaafar as-Sadiq, imamu wao wa sita, aliyefundisha Madina bila kushika silaha, kwao ni imamu kamili.

Kwa Wazaidi, elimu ya kukaa barazani haitoshi. Yeyote wa kizazi cha Hasan au Husein, wana wa Ali, mjuzi na mwadilifu, akisimama hadharani dhidi ya dhuluma, huyo ndiye imamu. Kielelezo chao ni Zaid bin Ali, aliyeuawa katika mji wa Kufa, Iraq, mwaka 740 akipigana na Bani Umayya, ukoo uliokuwa ukitawala. Inasimuliwa kwamba alikataa kujitenga na Abu Bakr na Umar, makhalifa wawili wa kwanza, na baadhi ya wafuasi wakamwacha. Kuhusu makhalifa hao, Wazaidi wa kundi la Batriyya waliukubali utawala wao ingawa Ali alikuwa bora. Wa kundi la Jarudiyya waliukataa.

Naiheshimu sana hoja ya Kizaidi kwa ujasiri wake, lakini inaruhusu wadai wawili kusimama pamoja, na Yemen iliyaona hayo mara nyingi katika zama za maimamu wa Kizaidi, kati ya 897 na 1962. Ithnaasheri walibaki na swali jingine zito: nani atawale imamu akiwa ghaibu? Iran ilimpa mwanachuoni madaraka mwaka 1979, na si wanavyuoni wote walioridhia.