Uzoefu wangu: Tuliita kidumbak cha mtaani kwenye harusi ya mdogo wangu

Mdogo wangu alipoposwa, shangazi zetu walitaka taarab ya kisasa, yenye vinanda vya umeme na spika zinazotikisa vyombo kabatini. Bendi tuliyoiulizia ikatutajia bei ambayo ingemeza pesa yote ya pilau. Mama akasikiliza mabishano mpaka akachoka, akasema: "Na wale wa kidumbak wa hapo nyuma mnawaonaje?" Naandika haya kwa wenye harusi inayowakaribia, ambao wanasita kuwakabidhi shughuli watu wasioishi kwa muziki.

Kidumbak ni ndugu mdogo wa taarab, na huku Unguja wapo wanaokiita kitaarab. Kwenye klabu kubwa kama Ikhwani Safaa, iliyoanza mwaka 1905, utakuta kanuni ya nyuzi nyingi, udi wa kupigwa kama gitaa, nai ya kupulizwa na safu ya fidla, na wasikilizaji wamekaa kwa utulivu. Kidumbak kina fidla moja, vidumbak viwili ambavyo ni ngoma ndogo, mkwasa wa vijiti vya kugonganishwa, cherewa za kutikiswa na sanduku la besi, na anayekuja kukaa kitini amekosea mlango. Nyimbo huunganishwa moja kwa moja, hii haijesha ile imeshaingia, na wanawake wamo duarani tangu mwanzo.

Walikuja saba. Fidla anapiga maalim aliyenisomesha hesabu skuli. Vidumbak anapiga kijana anayeuza samaki sokoni Darajani, akipokezana na mwenzake, na mkwasa ni wa fundi cherehani aliyemshonea mama nguo ya siku ile ile. Mwimbaji ni bibi anayeuza urojo jioni, ana sauti nzito yenye mikwaruzo inayokufanya uache unachofanya. Cherewa kashika mjukuu wake. Sanduku ni la mzee aliyefanya kazi bandarini mpaka alipostaafu.

Siku mbili kabla, bibi alikuja kukaa na mama jikoni. Aliuliza majina ya shangazi wote wa pande mbili, nani mkubwa, nani kaja kutoka Pemba. Kisha akashusha sauti: "Humu hamna watu wasiosemezana?" Mama akamtajia wawili. Maneno ya kidumbak hayafichifichi kama ya taarab, na wimbo mmoja wa mafumbo ukimwangukia asiyestahili, harusi inageuka kesi. Usiku ule hakuimba hata ubeti mmoja ambao wale wawili wangeweza kurushiana. Bendi ya kukodi ingelijulia wapi hilo?

Sasa lawama zangu, maana sitaki kumdanganya mtu. Tuliagana waanze baada ya isha, wakaanza karibu saa nzima baadaye kwa sababu maalim alikuwa na wanafunzi wa jioni. Wageni walishaanza kuangaliana. Pia fidla ililegea mara mbili katikati ya wimbo, na mwenye sikio alisikia. Kosa jengine lilikuwa letu wenyewe: tulikodi vipaza sauti tukavisogeza kila mahali, vikapiga mluzi na sanduku likamezwa kabisa. Tulipoviondoa vyote tukabakisha cha mwimbaji, ndipo muziki ulipopata miguu. Uani hamhitaji zaidi ya hapo.

Kabla ya kuanza, kijana wa vidumbak alituomba makaa. Aliziweka ngoma zake mbali kidogo na moto, akawa anazigeuza kama mtu anayechoma mkate wa kumimina, kila mara anaigonga ngozi kwa kidole na kuisogezea sikio. Ya kwanza ilipolia sawa, akaanza kuitafuta ya pili ili ziitikiane. Nilisimama pale na sinia mkononi, nimesahau nilikotumwa.

Na sanduku! Ni sanduku kweli la mbao nyembamba, la namna ya yale yaliyokuwa yakija na majani ya chai, limefudikizwa chini. Kamba moja inatoka kwenye tundu la juu hadi kwenye ncha ya fimbo. Mzee analikanyaga kwa mguu mmoja, akiivuta fimbo sauti inapanda, akiilegeza inashuka. Hakuna alama ya kumwonyesha wapi pa kusimama, anakwenda kwa sikio na bega.

Mnamo saa tano, duara la wanawake limepamba moto, kamba ikakatika. Besi ikazimika ghafla. Bibi hakunyamaza, aliendelea kuimba, na wanawake wakaichukua mipigo kwa makofi huku mkwasa ukiwaongoza. Muuza samaki akampa mwenzake vidumbak, akatoka mbio, akarudi na mshipi mnene wa kuvulia. Mzee akaufunga fundo, akauvuta, akatikisa kichwa, akaufunga tena. Sanduku liliporudi, vigelegele vilivyopigwa vilikuwa vikubwa kuliko vya bibi harusi alipotoka chumbani.

Pesa za kutunza zilikuwa nyingi. Nilidhani zitakwenda kwa mwimbaji, maana ndiye aliyekuwa akipewa mkononi. Mwisho walikaa mkekani, wakazimwaga zote pamoja, maalim akahesabu, wakagawana sawa kwa sawa mpaka mtoto wa cherewa, ambaye alikuwa ameshalala kwenye mapaja ya bibi yake.

Ningewaita tena kesho. Atakayewaita awape chakula kabla ya kupiga, awaachie nafasi kando ya moto, na asiwapangie nyimbo.

Asubuhi mzee alipitia sanduku lake. Baada ya shikamoo nikamwambia nitamnunulia kamba mpya. Aliugonga ule mshipi mara mbili kwa kidole, akainama kusikiliza. "Uache, mwanangu," akasema. "Huu una sauti." Akalitia sanduku begani akaenda zake.