Uzoefu wangu na Emacs: fonti, rangi na vidirisha vyake

Ukiifungua Emacs, kihariri cha maandishi cha kompyuta, ikiwa haijaguswa na mtu, unakutana na ukurasa mweupe, vitufe vyenye picha za kizamani na mstari wa kijivu chini. Wengi huifunga hapo hapo, na siwalaumu. Programu iliyotolewa na mradi wa GNU, mradi wa programu huria, tangu 1985 haikuumbwa kumvutia mpita njia. Mimi nimebaki nayo kwa sababu moja kubwa: kila kinachoonekana kwenye skrini yake naweza kukibadilisha rangi, na kila rangi naweza kuiuliza imetoka wapi.

Nianze na fonti, maana hapo hapana mengi. Menyu ya Options ina Set Default Font. Chagua, kisha Save Options, kazi imekwisha. Anayependa kuandika mwenyewe kwenye faili la mipangilio anahitaji mstari mmoja tu:

(set-face-attribute 'default nil :family "DejaVu Sans Mono" :height 120)

Hiyo 120 humtisha kila mgeni. Inahesabiwa kwa sehemu za kumi za pointi, kwa hiyo 120 ni pointi 12, na 115 ni pointi 11.5. Kabla ya kuikubali fonti yoyote huandika O0 l1I rnm mahali pamoja na kutazama kwa mbali. Courier New hunikatalia hapo, l na 1 zake hazitengani kwa jicho lililochoka. DejaVu Sans Mono inafaulu, ingawa uzuri wake ni wa kawaida tu.

Rangi ndiyo yenye utamu. Emacs hukusanya sifa za maandishi katika kifurushi kimoja kiitwacho face, nami nitaiita feisi: fonti, ukubwa, unene, mlalo, rangi ya herufi, rangi ya nyuma, mstari wa chini. Feisi ya default ndiyo mzazi, nyingine hurithi kwake chochote ambacho hazikutajiwa. Komenti za kodi (maelezo ambayo mwandishi wa programu huacha ndani ya maandishi ya programu yake) zina feisi yake, namba za mistari zina yake, maandishi uliyoyachagua yana region, kishale kina cursor. Andika M-x list-faces-display (M ni kitufe cha Alt, kibonyezwe pamoja na x, kisha andika jina la amri) uzione zote zimepangwa na sampuli zake. Orodha ni ndefu kupita kiasi, na huongezeka kila unapoweka programu-jalizi mpya.

Sasa, huwezi kujua majina yote hayo kwa kichwa, na huhitaji. Weka kishale juu ya herufi inayokuudhi, bonyeza C-u C-x = (C ni Ctrl). Emacs inafungua kidirisha na kukutajia kila kitu kuhusu herufi ile, pamoja na jina la feisi iliyoipaka. Bofya jina hilo na utafika kwenye maelezo yake, na kutoka hapo kwenye ukurasa wa kuibadilisha. Huu ndio uwezo ninaoukosa kila nikitumia kihariri kingine: huko naona rangi mbaya, halafu naanza kupekua mipangilio nikikisia imeandikwa kwa jina gani.

Mabadiliko ya kwanza ninayopendekeza kwa yeyote anayegawa skrini ni ya mstari wa hali, ule ulio chini ya kila kidirisha. Kidirisha unachoandikia kinatumia feisi ya mode-line, vingine vyote vinatumia mode-line-inactive. Bila kuguswa, zote mbili ni za kijivu, moja imekoza kidogo kuliko nyingine. Ukiwa na vidirisha vinne unaanza kuchapa kwenye faili ambalo hukulikusudia. Ipe mode-line rangi ya nyuma inayoonekana kweli, samawati iliyokoza kwa mfano, na ile nyingine uiache ififie. Ni dakika mbili za kazi kupitia M-x customize-face, na macho yanajua mahali pa kutua.

Kuhusu mandhari, yaani seti za rangi zilizotengenezwa tayari, M-x customize-themes inakuonyesha yaliyomo. Mengi ni ya kutazama na kupita. Mawili yanastahili kukaa: modus-operandi meupe na modus-vivendi meusi, kazi ya Protesilaos Stavrou, ambayo yamo ndani ya Emacs yenyewe tangu toleo la 28 la mwaka 2022. Yamepimwa ili herufi na nyuma yake zitofautiane kwa uwiano usiopungua 7:1, kiwango cha juu cha WCAG, miongozo ya kufanya kurasa za wavuti zisomeke na watu wote. Kuna hata aina zake kwa wasiotofautisha nyekundu na kijani vizuri. Warembo wa rangi hafifu hawatayapenda. Mimi nataka kusoma komenti bila kusogeza uso karibu na skrini.

Lakini kuna mtego, nao ndio unaowafanya watu waseme rangi za Emacs hazieleweki. Rangi zinatoka tabaka tofauti na tabaka hizo hazina nguvu sawa. Ulichokihifadhi kwa customize kinayashinda mandhari yoyote. Kwa hiyo ukihifadhi komenti za njano kwa ajili ya ukurasa mweusi, siku ukihamia mandhari meupe zitabaki njano vile vile, na hutaona kitu. Pili, amri ya kupakia mandhari, load-theme, haiondoi mandhari ya kwanza. Inapakia ya pili juu yake, na pale ambapo ya pili imekaa kimya, ya kwanza inachungulia. Dawa ni kutanguliza M-x disable-theme. Kwa maoni yangu hili lilipaswa kufanyika lenyewe. Sijawahi kumwona mtu anayetaka mandhari mawili kwa pamoja kwa makusudi.

Kukuza maandishi nako kuna vijambo vyake. C-x C-+ inakuza faili lililo mbele yako peke yake, na likiwa limefunguliwa kwenye vidirisha viwili, vyote viwili vinakua. Toleo la 29 liliongeza C-x C-M-+ inayokuza kila kitu kwa mpigo, jambo zuri sana unapoonyesha kazi kwenye projekta. Kwa maandishi ya kawaida yasiyo kodi, M-x variable-pitch-mode inakubadilishia fonti ya upana usio sawa katika faili hilo tu, huku kodi pembeni ikibaki na yake.

Wanaoiendesha kwa emacs --daemon, yaani ikikaa nyuma ya pazia kabla ya kufungua dirisha, waweke fonti kwenye mpangilio uitwao default-frame-alist, kwa sababu mipangilio yao husomwa kabla ya dirisha lolote kuwepo, na fonti iliyowekwa kwingine inaweza isionekane kabisa. Wanaoiendesha ndani ya terminali (dirisha la kuandikia amri za kompyuta) waruke sehemu yote ya fonti, huko terminali ndiyo inayoamua, na Emacs inabaki na rangi tu.

Ningeipa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano imekwenda na mandhari yanayopandana. Kama unataka kihariri kipendeze leo kabla ya chakula cha mchana, chukua kingine. Kama unakaa mbele ya maandishi kutwa nzima na una kidoa cha rangi kinachokukera bila kujua kimetoka wapi, ile C-u C-x = peke yake inatosha kukuhamisha.