Faiba yenye matundu au chipu: ipi itoe mwanga mpana?

Juzi pale Chiromo, kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, mwanafunzi wa fizikia aliniuliza: "Mwalimu, pigo la leza la rangi moja, mmweko mfupi mno, nalipanua vipi liwe upinde mzima wa mvua? Kwa faiba au kwa chipu?"

Faiba ni uzi mwembamba wa kioo unaopitisha mwanga; chipu ni kibao kidogo chenye mfereji mwembamba wa kupitishia mwanga. Zote mbili zinategemea mtawanyiko, yaani rangi za mwanga kutokwenda kwa mwendo mmoja ndani ya kioo. Sifuri ya mtawanyiko ikiwa karibu na rangi ya leza, pigo halisambai upesi, na mwanga wake mkali hupata nafasi ya kuzaa rangi mpya. Kwenye silika, kioo cha faiba, mtawanyiko hufika sifuri kwenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 1,300, mbali na leza za nanomita 800. Faiba yenye matundu madogo yanayozunguka kiini huisogeza sifuri hiyo. Mwaka 2000 watafiti wa Bell Labs, Marekani, waliifikisha karibu na nanomita 770, na sentimita 75 tu za faiba zikatoa mwanga kuanzia urujuani hadi infraredi. Hadi leo mchoro wa matokeo yale hunisisimua.

Chipu ya silikoni naitraidi, mchanganyiko wa silikoni na nitrojeni, hutegemea vipimo vya mfereji wake: badili upana au kimo kwa sehemu ndogo ya mikromita, na mtawanyiko wote hubadilika. Mwitikio wake kwa mwanga mkali, ndio unaozaa rangi mpya, ni takriban mara kumi ya silika, hivyo milimita chache hutosha. Ila kuingiza mwanga kwenye mfereji mwembamba vile hupoteza sehemu yake.

Kwa maabara inayoanza hapa Nairobi, nilimwambia achukue faiba. Hununuliwa ikiwa tayari, na ukiikata vibaya unakata tena. Chipu aisubiri siku atakayotaka kifaa cha kubeba mkononi.